Banza Symphorien, Uliyetuachia Mtoto Asiye na Jina

Mwaka umetimia, Symphorien, tangu uache kutupigia simu kutoka kwenye lile jiwe lako la ufukweni, na hasira zetu bado hazijaisha. Watu huandika kumbukumbu kama hii kwa upole. Na sisi tulijaribu. Mado mkeo akaisoma, akasema huyo mtu mtulivu anayesifiwa humo yeye hamfahamu, tuandike upya. Basi tunaandika upya.

Ulikuwa mwema. Hilo tuliseme mapema, lisije likapotea katikati ya malalamiko. Vijana wa rika lako waliposhuka mgodi wa Mashamba kuchimba shaba, wewe, mtoto wa Kolwezi uliyejifunzia kuogelea ziwa la Nzilo, ulikwenda kujiandikisha kuwa askari wa majini. Ukapelekwa Ziwa Tanganyika, kwenye kituo kidogo upande wa Kalemie. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa inaendeshwa kwa simu.

Maisha yako ya huko tunayajua kuliko tulivyotaka kuyajua. Mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja tu, na wenzako walikuwa wamepanga foleni nyuma yako wakisonya, lakini wewe hukuwa na haraka. Mado alitaka kukuambia kwamba mwanenu Gracien amefukuzwa darasani kwa utundu. Wewe ukawa unaeleza jinsi injini ya boti ilivyogoma asubuhi. Alitaka kukuambia kwamba mvua imeingia chumbani. Wewe ukasimulia kuwa umefua sare yako, ya pili haijaletwa, na umejifunga taulo mpaka ikauke. Doria, kuchota maji yaliyoingia botini, zamu ya jikoni, maharage, doria tena. Ukimaliza kusimulia hayo, salio nalo limekwisha, na Gracien bado yuko nje ya darasa.

Halafu kulikuwa na sala ya Jumapili. Ulisema baba ndiye anayebariki chakula, hata akiwa ng'ambo ya maji. Kwa hiyo Mado aliweka simu katikati ya meza, karibu na bukari, ugali wetu, ukaanza kuomba. Uliwaombea watoto, ukawaombea wenzako mmoja mmoja kwa majina, ukaiombea hata injini. Mtandao ulikatika kabla ya Amina, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa chakula mpaka upatikane tena. Tumekula bukari ya baridi, Symphorien, kwa ajili ya dini yako. Binti yenu Jémima alidhani kila familia inakula hivyo.

Na ndakala zako, dagaa wa ziwani. Ulizikausha mwenyewe juu ya mawe baada ya doria, ukazifunga kwenye gunia, ukampa msafiri yeyote wa gari moshi aliyekuwa na uso wa kuaminika. Mado alikwenda kuzipokea Tenke. Gari moshi lilichelewa apendavyo dereva wake, na yeye akalala kwenye kibaraza cha stesheni na wanawake wengine wenye kungojea. Akirudi Kolwezi amechoka, unapiga simu kumfundisha kuzipika. Mtu anayepikia wachimbaji bukari na samaki kila siku ya Mungu, unamfundisha kupika ndakala. Alizipika alivyojua yeye, akakuambia amefuata maagizo.

Hayo yote tungeyasamehe. Lakini kuna Bébé.

Katika ukoo wetu mtoto hapewi jina mpaka baba amtazame usoni, aone ni nani kati ya waliotutangulia aliyerudi. Baba asipoweza, atatazama mtu aliyeshika nafasi ya baba. Wengine hawana ruhusa hiyo, hata wawe na mvi namna gani. Uliondoka Mado akiwa na mimba ya tatu, akajifungua mtoto wa kike wewe ukiwa ziwani. Alikuonyesha uso wake kwa simu. Tulikuwa tumekaa pale, tulikusikia.

"Sura ya mu telefone haiko sura," ulisema. "Musimupatie jina. Mi nitakuya, nitamwangalia, njo nitasema eko nani."

Tukangoja. Kwenye kadi ya chanjo waliandika Bébé Banza, yaani kichanga wa Banza tu. Padri alituuliza jina la kubatizia, tukamwambia baba yake yuko njiani. Alituuliza tena mwaka uliofuata, tukamwambia hivyo hivyo, akatutazama kama watu wanaoficha jambo. Hénock, kaka yako, naye akapata mtoto humu humu uani, ikabidi tuanze kusema Bébé mkubwa na Bébé mdogo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hawakukujua wewe, maana lako lilikuwapo siku zote.

Kila ulipokaribia kuja, ulipiga simu na sauti ya unyonge: mkuu wa kituo ameikataa likizo. Mara ya kwanza Mado alilia. Mara ya pili alimlaani mkuu huyo kwa jina la ukoo wake na la mama yake mzazi, na sisi sote tukaitikia.

Kisha homa ikakushika. Uliambiwa ulale, ukasema itapita, ukaenda doria. Haikupita. Hénock alipofika huko baada ya safari ndefu ya reli, wenzako walikuwa wamekwisha kukuzika, kwa bendera na heshima zote. Alirudi na udongo kidogo wa kaburi. Shangazi yako, Tantine Brigitte, akatukumbusha kwamba mtoto hapewi jina ndani ya kilio. Tukangoja tena, mwaka mzima, na Mado amevaa nyeusi.

Siku ya kuondoa kilio ilikuwa Jumamosi iliyopita. Mado alivua nyeusi, akaoga, akavaa kitenge kipya, na jambo la kwanza alilouliza lilikuwa jina la mtoto. Shule inafunguliwa mwezi huu, na mwalimu amesema wazi kwamba hatampokea mtoto anayeitwa Bébé. Hénock akasema yeye si baba wala hakuachiwa nafasi ya baba. Tantine Brigitte akasema basi abaki hivyo hivyo mpaka Mungu aonyeshe. Mado akasema Mungu ameshaonyesha uvumilivu wa kutosha katika nyumba hii. Ndipo Mulumba akabisha mlangoni.

Hatukuwa tumemwona kabla, ila jina lake tulilijua kutokana na sala za Jumapili. Alikuja na kofia yako na gunia la ndakala. Tulimkalisha, tukampa chakula, naye akaanza kukusifu kama inavyompasa mgeni. Akasema wewe hukuwa mtu wa kawaida. Mkuu alikupa likizo mara mbili, na mara zote mbili ukaitoa: ya kwanza kwa Mechack, aliyekuwa na mama mgonjwa sana, ya pili kwake yeye Mulumba, kwa sababu mkewe alikuwa anakaribia kujifungua. Alifika kwao Kongolo akampokea mwanawe mikononi. Kwa shukrani akampa jina lako, Symphorien.

Akatutazama, akingoja tufurahi.

Tunamwomba radhi yule mkuu wa kituo, popote alipo. Hakukataa chochote.

Mado aliweka sahani chini. Tulimwogopa, tukuambie kweli. Huko Kongolo kuna mtoto wa watu anatembea na jina lako, na wa kwako amekaa mlangoni hana hata moja. Na ulimdanganya, Symphorien, kwa sababu ulijua kwamba ukimwambia ukweli atakuambia urudi. Tulidhani atamfukuza mgeni. Badala yake alikwenda akamshika mtoto mkono, akamleta mpaka mbele ya magoti ya Mulumba.

"Ile congé, ile likizo, ilikuwa ya kuya kupatia uyu mutoto jina," alimwambia. "We njo uliikamata. Nafasi yake iko kwako. Mwangalie."

Mulumba aliacha kula. Tantine Brigitte akainua mkono. "Uyu tata hayue bafu betu," akasema, yaani mgeni hawajui wafu wa ukoo. "Atamufananisha na nani?"

Mado hakugeuka. "Mumoja anamuyua," alimjibu.

Mulumba alifuta mikono, akamwinua mtoto uso kwa vidole viwili, taratibu. Bébé hakulia. Alimkunjia uso yule askari na kutoa mdomo wa chini mbele, kama mtu aliyeamua kwamba ana haki na hatasogea. Uso huo tumeugombeza miaka mingi, lakini kwa sababu ulikuwa wako hatukuwahi kuutambua kwa mtoto. Mulumba aliutambua mara moja.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye mwenyewe amerudia."

Hénock akauliza yeye nani, kwa kuwa desturi inataka jina litajwe. Mulumba akakutaja, na hakuna aliyehesabu kwamba mtoto alizaliwa ukiwa hai. Tantine Brigitte alipiga kigelegele cha kwanza, yeye aliyekuwa amekataa. Mado aliketi sakafuni na kitenge chake kipya, akalia kwa mara ya kwanza tangu ulipotuacha, na hakutaka mtu amnyamazishe.

Tumekasirika nawe, na tunakuhitaji. Laiti ungeitumia hata likizo moja.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mado. Kaka yako Hénock. Shangazi yako Brigitte. Mulumba, ambaye tangu Jumamosi ni mtu wa nyumba hii. Na watoto wako Gracien, Jémima na Symphorienne.

Tutakukumbuka daima, tutafanyaje? Kila tukimwita atoke kwenye matope aingie ndani, ni wewe tunayekuita.