Waya wa Mlango wa Nyuma

Mwanangu,

Fundi wa king'ora atarudi saa sita, mfungulie. Asubuhi kilipolia hadi majirani wakatoka nje, nilikufokea bure. Hukuchezea vitufe, ni betri imezeeka. Aibadilishe.

Alipokuwa anapima, aligundua pia waya wa mlango wa nyuma umekatwa kwa koleo, ncha zikafungwa utepe vizuri. Hiyo ni kazi ya marehemu baba yako. Wiki ile kaka yako alipoondoka kwa hasira, mzee aliniambia anapaka bawaba mafuta. Mwongo mkubwa! Kumbe hakutaka mwanawe siku akirudi apigiwe kelele kama mwizi.

~~Mwambie fundi auunganishe.~~

Mwambie auache hivyo hivyo. Na kitasa asikiguse. Kaka yako bado ana ufunguo.

Mama yako