Kizibo Kimebaki Mlangoni

Karin mwanangu,

Ukirudi kutoka zamu, supu iko jikoni, ipashe moto tu. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Mumeo Leif na rafiki zake wameondoka alfajiri kwenda ziwani kuvua samaki wa walleye, wakinyata kama wezi. Jana Leif aliniambia, "Mama, mwaka huu pumzika, baridi ya Oktoba utaiweza wapi?" Mimi! Miaka arobaini nimeshika wavu kwenye mashua ile. Baba yake hajamaliza mwaka kaburini, na kiti changu wameshakiwekea kasha la bia.

Tangu waondoke nazunguka humu ndani kama kuku anayetaka kutaga. Ndipo nikakiona kizibo cha tundu la kutolea maji kwenye mashua kinaning'inia msumarini mlangoni, pale marehemu alipokitundika kila tulipoitoa mashua majini. Hakuna aliyekikumbuka! Wakiishusha ziwani hivyo, itajaa maji.

~~Nitawapigia simu.~~ Simpigii mtu. Lazima watasimama njiani kula mayai, nitawawahi. Nimechukua gari la marehemu na kizibo kiko mfukoni.

Anayekitaka aondoe kwanza bia kwenye kiti changu.

Mama mkwe wako,
Solveig