Ulivyonyamaza Siku ya Koito

Mchumba wangu wa zamani,

Ujumbe wako wa wiki jana niliupata, na bado nina hasira, kwa hivyo soma ukiwa umekaa. Mwaka mzima hukunitumia hata salamu, halafu unaibuka na "Habari ya siku nyingi, mama ni mgonjwa." Ya mama nitakujibu. Kwanza utanisikiliza.

Unakumbuka uliponitembelea chuoni Nairobi? Ulinikuta nikitoka maabara na beji yangu kifuani, ile inayopima mionzi tunayopata tukiwa kazini. Nilikueleza kwamba haijawahi kuonyesha lolote la kutisha, na kwamba hata udongo wa kwetu Sigowet na ndizi tunazokula zina mionzi kidogo. Ukamaliza ndizi zangu zote, ukasema, "Basi leo mimi ni bomu. Usinikaribie." Tulicheka mpaka mlinzi akatuangalia vibaya. Nilikupenda sana siku hiyo. Wengine wote nyumbani waliniuliza kwa nini msichana aliyelelewa kwa kuchuma majani chai anasomea uhandisi wa nyuklia. Wewe uliniuliza nyuklia inafanyaje kazi.

Ndiyo maana siku ya koito siwezi kukusamehe. Watu wenu walikuja kuniposa, wakaketi sebuleni na wazee wetu, nami nikawekwa jikoni nisubiri kuitwa, kama desturi inavyotaka. Ukuta wenyewe ni wa mbao. Nilisikia kila neno. Maneno ya ng'ombe yalikuwa yameenda vizuri, ndipo shangazi yako akakohoa.

"Huyu msichana anasomea mambo ya bomu," akasema. "Hiyo mionzi si imeshachoma tumbo yake? Hapo tutapata watoto kweli?"

Nilingoja sauti yako. Baba yangu anajua chai na ng'ombe tu. Wewe ulikuwa na jibu, umekaa papo hapo kando ya mama yako, na ndizi zangu ulishakula. Ukanyamaza. Watu wenu wakasimama wakaenda "kufikiria", na maziwa ya mursik ambayo mama yangu aliwawekea kwenye kibuyu yakabaki vikombeni. Mama yangu huwa hamwagi maziwa. Siku hiyo aliyamwaga nyuma ya nyumba, na hakutaka nimsaidie kuosha vikombe.

Jioni hiyo ukanipigia simu. "Lakini unajua kijana haongei mbele ya wazee siku ya koito." Najua. Desturi hiyo inakukataza kubishania ng'ombe. Haikukatazi kunitetea. Na kama pale ulishindwa, ungemwambia shangazi yako hata mkiwa garini mkirudi kwenu Sigor. Ulinyamaza sebuleni, ukanyamaza garini, ukanyamaza mwaka mzima. Usiniletee desturi. Ulikuwa mwoga tu.

Sasa mama yako ana saratani ya koo. Madaktari wanataka kumtibu kwa mionzi, naye amekataa kabisa, kwa sababu anaamini itamchoma tumbo na kummaliza. Maneno hayo aliyasikia nyumbani kwetu, na hakuna aliyemwambia si kweli. Unaniomba niongee naye mimi, kwa kuwa hata leo mdomo wako haufunguki.

Nimeongea naye. Nilimpigia Jumapili, tukaongea mpaka chai yangu ikapoa. Nilimweleza jinsi mionzi inavyolengwa kwenye uvimbe, na sikumficha kwamba itamchosha na kumeza kutamuuma. Amekubali kwenda. Nitamsindikiza mimi, na wewe utabaki nyumbani uangalie ng'ombe.

Kabla hajakata simu aliniuliza, "Mwanangu, siku ile mbona hukutoka jikoni ukatuambia haya?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nangoja mwanao aongee."

"Hata mimi," akasema.

Usinitumie shukrani. Kaa salama.

Aliyekuwa mchumba wako