Miti Mitatu ya Lango la Bahati

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Naandika tangu alfajiri, vidole vimeganda. Jana, tukiwa kanisani, ng'ombe wa Papa Bahati waliingia katika maharagwe ya Mama Zawadi, mjane. Yalikuwa yanatoa maua. Hakuna kilichobaki. Lango la malisho, lile la miti mitatu ya kuchomoa, lilikuwa wazi, miti yote chini. Na jana hiyohiyo nilisoma mbele ya waumini barua yangu juu ya uzembe wa wafugaji! Sasa nina ushahidi. Katika barua mpya kwa wazee nimemtaja Bahati kwa jina.

Jumatano, 5 Novemba

Wazee wa kanisa wamekaa. Barua yangu ilisomwa mara mbili. Bahati amevuliwa ushemasi, ametengwa na Meza ya Bwana. Hakujitetea. Nikasema kimya chake ni kukiri. Miaka ishirini ameniletea maziwa kila asubuhi. Nimefurahi hata hivyo.

Jumapili, 9 Novemba

Meza ya Bwana. Bahati benchi la nyuma, kofia magotini. Mchungaji akataka kimya, kila mtu ajipime. Kimya hicho mimi hukitumia kuwapima wengine. Nimelijua hilo leo tu. Nilikuwa katikati ya kuhesabu dhambi za jirani, mikono ikakumbuka baridi. Mti uliolowa umande. Mimi ndiye niliyechomoa ile miti. Jumapili ile nilichelewa kanisani, nikakatiza malishoni, makaratasi kwapani, nikirudia kichwani sentensi yangu ya kwanza. Kijijini kwetu Karuba kila mtoto hufundishwa kabla ya shule: ukipita, rudisha miti.

Mkate ulipofika niliupitisha bila kula.

Nyumbani nikamwambia mke wangu. Hakushangaa.

"Papa, ile siku ulisomea watu barua na mavi ya ngombe mu viatu. Benchi yetu yote iliona."

"Na mukanyamaza?"

"Nani angekuambia, weye?"

Jumatatu, 10 Novemba

Bahati amehama alfajiri. Nimemfuata kwa miguu njia ya Mushaki. Nikamkuta kando ya barabara, mkewe na mitungi ya maziwa, ng'ombe wamechoka. Nikakiri nikiwa nimesimama matopeni.

"Nilikuona, kaka. Nilikuwa kule juu ya kilima. Nilizani ulirudisha miti."

"Juu ya nini haukusema kwa wazee?"

"Ungeandika barua ingine."

Hakucheka. Alinishika mkono, akasema amenisamehe. Hatarudi. Shuleni watoto wake wanaitwa wezi wa maharagwe.

Nimerudi nikilia barabarani, mtu mzima.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani nimesoma barua fupi kuliko zote, ya kukiri kosa langu. Mistari minne. Mama Zawadi aliinama. Kesho naanza kulima shamba lake upya. Wazee wamefuta adhabu ya mtu ambaye hayupo. Benchi la nyuma tupu.

Nimerudi kwa njia ya malishoni. Majani yamerefuka. Nimechomoa miti mitatu, nimepita, nimeirudisha mmoja mmoja.

Ndani hamna ng'ombe.