Kutetemeka kwa Bibi Chai

Dada mpenzi,

Shikamoo. Huku mimi mzima. Kitambaa chako nimekishonesha gauni, ila fundi kalibana mno, nikikaa naomba ruhusa ya kupumua.

Umeniandikia kwa kicheko kwamba mwanao anatetemeka kila asubuhi mpaka anywe chai ya sukari, na shemeji anamwita Bibi Chai, eti karithi tabia ya marehemu mama. Mimi sikucheka.

Unajua maabara yetu inachunguza seli za kongosho, zile zinazotengeneza insulini. Kuna jeni inayozizuia zisizaane ovyo, kama breki. Breki ikikatika, seli zinaongezeka, insulini inazidi, sukari mwilini inashuka mpaka mtu anaanguka. Kama mama alivyoanguka jikoni, tukaambiwa ni moyo.

Sisi wafanyakazi hutoa damu yetu iwe mfano wa watu wenye afya, ilinganishwe na ya wagonjwa. Safari hii nilitoa mimi. Mkuu wetu alirudia kipimo, kisha akafunga mlango, akanivutia kiti. Breki yangu mbovu, dada. Nimezaliwa nayo.

Mkono unanitetemeka hapa, na sijui kama ni woga au ni sukari. Mpeleke mtoto hospitali upesi, nawe upimwe. Asikae na njaa. Akianza kutetemeka, chai kwanza, maswali baadaye. Na jina lile mliache, nakuomba.

Pale juu nimeandika kwamba mimi mzima. Ni mazoea ya barua tu.

Mdogo wako,
mwenye peremende kila mfuko