Kijiko cha Chumvi cha Hamsini

Musa, swahiba wangu,

Wewe lala tu huko Mpumudde. Mimi usingizi umenikataa tangu tukuzike, na sasa soko la Namatala linanimaliza kabisa.

Ile hamsini, sarafu ndogo kushinda zote, wameikataa. Mwenyekiti wa soko anasema inajaza mfuko bure, bei ianze mia. Unajua mimi nimeitukana hiyo sarafu miaka yote. "Musa, serikali iyeyushe hii takataka, itengeneze sufuria!" Na wewe, "Mpumbavu mrefu, sarafu ndogo ikikufa, maskini atanunua na nini?" Mbale nzima hakuna mtu wa kunishinda kubishana. Wewe ulikuwa unashinda kwa bahati tu.

Unakumbuka duka yako kule Masese, wakati wa vita? Chumvi ilikuwa kama dhahabu, wewe unapima na kijiko, kijiko moja sarafu moja. Akaja yule afande, kifua kama mlango wa godauni, noti kubwa mkononi, anataka kijiko moja. Chenji hakuna. Ukamwambia, "Afande, noti yako kubwa kushinda duka yangu. Nenda, rudi na kidogo." Yarabi! Mimi nilisimama imara kama simba. Sawa, nyuma ya gunia, lakini imara. Akacheka yule mtu! Akaenda kuomba sarafu kwa akina mama wa samaki, akarudi akapanga laini nyuma ya watoto. Bunduki mgongoni, anangoja chumvi.

Basi juzi kwenye mkutano, mikono yote juu kuua hamsini. Nikamwangalia Nambozo, yule anafulia watu nguo. Kila jioni ananunua kwenye meza yangu kijiko moja cha chumvi. Hamsini ya pili hana. Amekaa pale, anaangalia chini. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, maneno yako yakatoka, hata na ile sauti yako ya mbuzi.

Mwenyekiti akasema, "Mzee, si wewe ulikuwa unaitukana?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Lakini mwenye kunijibu amekufa. Nani atanijibu sasa?"

Wakacheka. Halafu... ah, Musa, hata mimi nilitaka kucheka, ikakataa.

Tulishindwa. Lakini jioni Nambozo alikuja na hamsini yake amefinya mkononi, nikapokea. Sasa jirani ananiita benki ya takataka. Mwenye duka la jumla akizikataa sijui nitafanya nini; nazunguka meza kama kuku anatafuta pa kutaga. Nitamchekesha mpaka azichukue. Mimi nilichekesha jeshi! Sawa, ni wewe.

Mjane wako alinipa kile kijiko. Kimepinda kidogo, kama wewe. Naahidi, nikiwa hai, mwenye hamsini atapata chumvi kwenye meza yangu.

Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Siku nikija, niwekee nafasi kwenye laini, hata nyuma ya yule afande.

Mimi rafiki yako, sijawahi kushindwa. Hii moja tu, chukua.