Sehemu ya Pili Nimeiona Bila Wewe

Baba Zuhura,

Hivi wewe una nini? Tangu uzikwe hujanijia ndotoni hata mara moja. Kwa dada yako umekwenda, tena na kanzu mpya, kanisimulia mwenyewe huku akijidai. Mie niliyekukanda miguu mpaka siku ya mwisho, kimya. Ndiyo nini? Haya, usiponijia nakuandikia. Anayeshika kalamu ni mwanao Zuhura, maana mie na kalamu tunaonana kwa watu tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Ile sehemu ya pili ya sinema yetu imekuja.

Imekuja mie nimo kwenye eda. Hamisi wa banda la video akaleta salamu: mkanda umefika, ule wa dunia iliyoungua, watu wanauana kwa ajili ya maji. Nikaruka nilipokaa. Mashoga waliokuja kunipa pole wakashika midomo. "Mjane gani anaulizia sinema?" Nikawaambia, mjane aliyeahidi. Kwani si ulinishika mkono pale hospitali ukasema, "Mama Zuhura, nikiondoka kabla, iangalie uje uniambie. Lakini steringi hafi, utaona"? Vijana wa mtaa wakawa wanapita dirishani wanaisimulia kwa sauti, mie naziba masikio kwa kanga. Hamisi, Mungu ampe, mkanda wenyewe wa kuazima Kariakoo; akaurudisha, eda ilipokwisha akauazima tena kwa ajili yangu. Akaniwekea kiti mbele, karibu na deki. Kiti kimoja.

Nikwambie ukweli, ni nzuri. Magari yake, lahaula! Yanaruka kama panzi, vumbi mpaka nikakohoa. Na kuna mwanamke mmoja dereva wa lori, hacheki na mtu, anawapiga kumbo wale wahuni mpaka wanasahau walikotoka. Huyo ungempenda, nami ningekukata jicho. Na ile foleni kisimani, watu na madumu yao, hakuna anayesema neno: pale wamepatia. Mtu yeyote wa hapa kwetu Tandika anaujua ukimya ule.

Lakini mabaya yake nayo nayasema. Steringi safari hii ana maneno mengi. Mara ya kwanza alinyamaza, tukamwogopa. Adui ni yuleyule, wamembadilisha kofia tu. Halafu hakuna anayepika. Dunia imeungua, sawa, hata muhogo? Na hawaziki! Bibi mmoja mlinzi wa kisima kapigwa risasi, kaanguka, steringi kamruka kama mtu anaruka dimbwi. Nikasimama: "Mfunikeni jamani!" Banda zima kicheko. "Bibi, hiyo sinema!" "Najua ni sinema. Kwenye sinema hakuna kanga?" Wakacheka tena.

Lililoniuma zaidi ni la fundi. Unamkumbuka, yule wa sehemu ya kwanza, aliyempa steringi maji yake ya mwisho akafia chini ya gari, spana mkononi? Ulimlilia, ukasingizia moshi wa sigara. Fundi mwenzio, ingawa wewe zako baiskeli. Basi humu hatajwi. Gari ni lilelile, steringi analiendesha mwanzo mpaka mwisho, na hata mara moja hasemi, "Hili alilifufua fulani." Nililia, Baba Zuhura. Wala sikumlilia yeye.

Sehemu yangu ya pili haitakwenda hivyo. Kila baiskeli uliyoitengeneza ikipita hapa mlangoni nasema kwa sauti: hiyo ya mume wangu. Watu wananiona nimechanganyikiwa. Wanione. Nitasema mpaka nami nifukiwe.

Pumzika, mume wangu. Mungu akuwekee nuru humo ulimo.

Na steringi? Kama amekufa au amepona, sikuandikii. Zuhura ananikodolea macho, kalamu juu, anangoja niseme. Sisemi. Ukiutaka mwisho, ufuate mwenyewe. Njoo alfajiri, pitia uani, na ukifika usisimame mlangoni kama mgeni. Panda kitandani, upande wako sijaulalia, nikusimulie.